Kijiti cha Wanja

Wajukuu zangu wakisema wanakwenda Bustan, wanakwenda hotelini, kuogelea na kula aiskrimu. Mimi nikitajiwa Bustan nasikia harufu ya dagaa walioanikwa mchangani wawe chakula cha mbuzi, na juu yake nasikia nzi. Wenzangu wa umri huu hupenda kusimulia kwamba zamani kulikuwa na raha, watu walipendana, hata maji yalikuwa matamu. Sijui wao walikuwa wakiishi wapi. Mimi nilikaa Bustan, ilipokuwa kijiji cha pwani ya Omani, tangu mwaka 1964 mpaka 1970, na maji yake yalikuwa ya chumvi.

Tulitoka Unguja watatu: mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi na moja, na mdogo wangu wa kike, miaka mitatu. Baba alikwisha kufa. Tulichobaki nacho ni jina la ukoo wake, na ukoo wenyewe ulikuwa Bustan, kwa dada yake. Tuliposhuka Maskati nilidhani safari imekwisha, kumbe bado tuna majabali ya kuvuka kwa miguu, maana barabara haikuwapo. Mama alivuka na viatu vyake vya kwendea harusini. Ndivyo alivyotoka navyo.

Tulikuta nyumba za makuti ya mtende na kisima kimoja. Skuli hakuna, dispensari hakuna. Watoto walitujia mbio kututazama, na mama, aliyekuwa nesi msaidizi katika kliniki ya watoto mjini Unguja, akasimama palepale njiani na mzigo wake kichwani.

"Watazame macho," akaniambia.

Yalikuwa mekundu, yenye tongo, na nzi wametua pembeni hata hakuna anayewafukuza.

Shangazi alitupokea vizuri, na hili nalisema kwa haki yake. Alikuwa mjane, mkubwa wa nyumba, mwenye sauti kali na mkono wa kutoa. Mkeka mzuri ulikuwa mmoja, akatulaza sisi. Asubuhi, baada ya kahawa, aliwapanga watoto wote wa nyumba mbele yake awapake wanja. Wanja huo aliutengeneza mwenyewe kwa masizi ya ubani, akauweka katika kichupa cha shaba chenye kijiti kimoja. Alichovya kijiti, akakipitisha jicho hili na jicho hili, akakipangusa kidoleni mwake, akamwita mwingine. Watoto walikuwa wanane. Siku ile wakawa tisa, maana mimi nilihesabiwa mkubwa, na mdogo wangu akawekwa wa mbele, kwa kuwa ni yatima.

"Huyu mtoto wa kaka yangu," shangazi aliwaambia majirani. "Huyu wetu."

Kupakwa wanja kwa kijiti kile kulikuwa ndiko kuwa mtoto wa nyumba ile. Lakini mama alikwisha kuujua ugonjwa. Ni vikope, na vikope vinatoka jicho hadi jicho. Asubuhi ya pili alichemsha maji katika kisufuria, akakichukua kijiti mkononi mwa shangazi kwa adabu zote, akakichovya ndani ya maji yale mbele ya wanawake waliokuja kunywa kahawa. Shangazi akapokea kijiti chake, akabeba kichupa chake, akaingia ndani.

Hakutugombeza. Alituletea chakula chetu katika sahani yetu, peke yetu. Watu wote wa nyumba ile walikula sinia moja, na anayetengewa ni mgeni wa kuondoka, au mtu anayeonewa kinyaa. Tulitengewa siku tatu, na mama hakuhitaji kuelezwa maana yake. Tungekwenda wapi? Siku ya nne alimshika mdogo wangu mkono, yeye mwenyewe, akampeleka kwenye mstari wa wanja. Mchana ule tukala siniani.

Nilimchukia mama. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuumeza ujuzi wake ili wanawe wapate kula. Sasa najua, na bado sijamsamehe yote.

Akatafuta njia yake ya kichinichini. Kila siku baada ya wanja, kazi yangu ikawa kumchukua mdogo wangu nyuma ya zizi la mbuzi na kumwosha uso kwa maji yaliyochemshwa, kwa kitambaa chake peke yake, asionekane na mtu. Kwa ajili hiyo nilikwenda kisimani mara mbili zaidi ya wenzangu. Wasichana wakanicheka, wakasema Mzanzibari huyu ana deni na maji. Mwaka wa kwanza niliosha kila siku. Mwaka wa pili nikawa naruka siku. Wa tatu nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeanza kujitazama kiooni, na maji yale yalikuwa safi kuliko yote mle ndani. Nikawa nanawa mimi.

"Umeshamwosha?" mama huniuliza.

"Nimeshamwosha."

Na mdogo wangu amesimama hapohapo, uso mkavu, wanja umemganda kopeni. Nilimwambia akisema sitamchukua tena kisimani, na yeye kwenda kisimani ndiyo iliyokuwa starehe yake pekee. Hakusema.

Alipofika miaka saba hakuweza tena kustahimili jua. Alitembea na ushungi umemfunika uso mzima, akipapasa ukuta. Kope zikageukia ndani, zikawa zinamkwaruza jicho kila akipepesa. Shangazi alimlaza mapajani akazing'oa mojamoja kwa kibano, huku akilia na kumwombea kwa Mungu, na alipomaliza akampaka wanja ili apoe. Mama mara mbili aliomba tupelekwe hospitali ya wamishionari, mjini Matrah. Wanaume wa ukoo wakasema tutaona, na kuona kwenyewe hakukuja. Watu walikuwa wakisema mtawala amekataza hata miwani ya jua. Sijui kama ni kweli. Bustan nzima hapakuwa na mwenye miwani wa kujaribu.

Kisha jicho lake la kushoto likavimba, wiki nzima. Uvimbe uliposhuka, juu ya mboni palikuwa na doa jeupe, na jicho lile halikuona tena.

Mwaka wa sabini aliingia mtawala mpya, na kabla mwaka haujaisha akaja daktari kwa mashua, Msudani mpole mwenye shati lililolowa jasho. Walimweka katika sabla, ukumbi wa wanaume, na kijiji kizima kikapanga foleni. Alipofika kwa mdogo wangu alizigeuza kope zake kwa kidole gumba, akatazama muda mrefu. La kulia litapona, akasema. La kushoto tushukuru Mungu kwa tulichobakiwa nacho. Halafu akauliza, bila ukali, kama mtu anayejaza karatasi: "Hapana aliyejua kwamba ugonjwa huu unaambukiza? Miaka yote hii?"

Shangazi alikuwa mlangoni, naye macho yanamtoka maji. Mama Kiarabu cha kusikia alikuwa nacho, lakini cha kusema kilimpotea kila alipoingiwa na hofu. Akanigeukia.

"Mwambie mie nlijua," alisema. "Tangu siku ya mwanzo nlijua. Mwambie."

Nilimtazama shangazi. Miaka mingi nimejidanganya kwamba nilimwonea huruma yeye, asije akajua siku ile, mbele ya watu, kijiti chake kimefanya nini. Si kweli. Mama akisema alijua, daktari atauliza alifanya nini, na alichokifanya mama ni kunituma mimi.

Nikamwambia daktari kwa Kiarabu: "Anasema hatukujua."

Mama alisikia. Alinitazama, kisha akainamisha kichwa, na hakunisahihisha.

Daktari akaandika. Akatoa dawa ya kupaka, kitubu kidogo kisichozidi kidole, akaninyooshea mimi niliye mkubwa. Akanieleza: asubuhi na jioni, kwanza umwoshe uso kwa maji safi, ndipo umpake. Mkono wangu ulikuwa haujafika, mdogo wangu akanyoosha wake, akakipokea kitubu, akakifumbata.

"Mie ntanawa mwenyewe," akaniambia.