Onyo Alilolizima Nasambu

Simu ya Sista Ajiko iliingia saa tatu na nusu asubuhi, Nasambu akiwa anamchapishia mteja fomu za forodha katika duka lake la kompyuta huko Burumba, mtaa wa Busia mpakani. Muuguzi huyo hakuwa na desturi ya kupiga. Kazi yao ilipita kwenye skrini, wala haikuhitaji maneno.

"Nasambu, watu wako wako wapi?"

"Watu gani, Sista?"

"Wa damu! Nimeomba O hasi tangu saa mbili. Programu yako ikaniambia ombi limeenda kwa watu kumi na mmoja. Mpaka saa hii sijaona hata mmoja getini. Nilikuwa ndani na mgonjwa, nikidhani wako njiani. Huyu mama amejifungua alfajiri na damu haikatiki. Tumedunga sindano, tumekanda tumbo, bado. Hapa hatuna hata paketi moja ya kundi lake."

"Nipe dakika tano."

"Dakika tano ni nyingi," Ajiko alisema, akakata.

Nasambu alimrudishia mteja fomu zake zikiwa nusu, akamwomba radhi, akavuta kiti.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Khunyangu, mwanamke wa maneno machache anayejulikana mtaani kwa kutengeneza printa zilizowashinda wengine. Senge yake, dada ya baba aliyemlea, alikufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, na siku ya matanga ndipo ilipojulikana kwamba mwenye damu kama yake alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka pale. Jambo hilo lilimkaa Nasambu rohoni kama mwiba. Alipopata ujuzi wa kompyuta alitengeneza programu aliyoiita Jirani wa Damu. Watu walijiandikisha kwa hiari, kila mmoja na kundi lake. Hospitali ikikosa damu, muuguzi alibonyeza ombi, na walio na kundi lile walipata meseji papo hapo. Hospitali ndogo ya misheni pembezoni mwa Malaba, alikofanya kazi Sista Ajiko, ilikuwa ya kwanza kuitumia. Kwa mwaka mzima haikuwahi kumwaibisha.

Programu yenyewe haikukaa dukani. Ilikuwa kwenye kompyuta za kukodi, huko mbali mtandaoni, ndani ya kitu ambacho mafundi hukiita kontena: chumba kimoja kilichofungwa, chenye programu na kila kinachoiwezesha kufanya kazi. Humo humo programu ilijiandikia logi, mstari kwa mstari, ilichofanya na saa iliyokifanya. Ubaya wa chumba hicho ni kwamba ukikizima na kukiwasha upya, kinaamka kitupu. Logi zote za nyuma zinapotea.

Nasambu alifungua logi. Mstari wa kwanza ulikuwa ombi la Ajiko. Chini yake kulikuwa na mistari kumi na mmoja, na kila mmoja ulimalizika kwa neno lile lile: imetumwa. Imetumwa. Imetumwa. Hakuna kosa hata moja.

Mistari ile haikumtuliza. Akachukua simu na kumpigia Wabwire, mpakizi wa mizigo pale Busia, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

"Wabwire, umepata meseji ya damu leo?"

"Leo? Hapana, madam. Kwani iko mtu?"

"Iko mama Malaba. Unaweza kwenda sasa hivi?"

"Naacha gunia hapa hapa. Lakini kutoka huku mpaka Malaba, na barabara ilivyojaa malori, si chini ya saa moja."

"Nenda tu."

Akampigia wa pili, simu imezimwa. Wa tatu alikuwa Kisumu. Wa nne simu iliita mpaka ikachoka. Watu wa mpakani wana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na asubuhi ya siku ya soko nusu yao huwa ng'ambo na laini ya huko. Kwa hiyo meseji zilikuwa hazijamfikia mtu, ilhali logi ziliapa kwamba zimetumwa. Lazima kampuni ya kusafirisha meseji ilikuwa imejibu kitu, na jibu hilo halikuandikwa.

Ndipo alipokumbuka.

Miezi miwili nyuma alikuwa amebadilisha mpangilio wa logi. Kila simu iliyokuwa imezimwa ilileta mstari wa onyo, na kwa siku maonyo yalifika mamia. Alichoka kuyapekua. Jioni moja alifungua mpangilio, akafuta neno "yote" akaandika "makosa tu". Skrini ikawa safi na akafurahi. Tangu siku ile programu ilinyamaza juu ya lolote ililoliona kuwa onyo. Na "imetumwa" haikumaanisha meseji imefika. Ilimaanisha tu kwamba programu imeikabidhi kwa kampuni. Kampuni imeifanya nini, hilo lilikuwa limezibwa mdomo.

Kuyarudisha maonyo kulikuwa kazi ya neno moja. Lakini mpangilio mpya usingeshika mpaka kontena iwashwe upya, na ikiwashwa upya, mistari iliyokuwa mbele yake ingefutika, pamoja na ule wa juu ulioonyesha Ajiko aliomba saa ngapi. Alijaribu kuipakua. Mtandao ulikuwa umerukia mnara wa Uganda, kama ufanyavyo Burumba, na alama ya kusubiri ikazunguka bila kufika popote. Akaangalia saa. Tatu na dakika arubaini.

Hakungoja. Aliinua simu yake, akapiga picha skrini ile mara mbili, akaandika "yote", akawasha upya.

Kontena ilichukua sekunde ishirini kuamka. Alizihesabu kwa midomo. Kisha akatuma tena ombi la Ajiko, na safari hii logi zikabubujika kama bomba lililozibuliwa. Katikati ya mistari akauona: *Onyo. Furushi lote limekataliwa. Namba ya saba si sahihi.*

Namba ya saba ilikuwa ya Uganda. Wiki moja iliyopita Nasambu alikuwa ameongeza nafasi ya namba za ng'ambo, kwa ajili ya hao wenye laini mbili, na mtu mmoja alikuwa ameandika 256, msimbo wa Uganda, kisha akaacha sifuri ya mwanzo wa namba yake ibaki. Programu ingeikamata kama angeifundisha. Hakuifundisha. Kampuni ilipokea meseji zikiwa furushi moja, ikaona namba moja mbovu, ikatupa furushi zima. Jina lililokuwa kando ya namba ile lilikuwa Ejoku.

Akaiondoa sifuri, akapiga.

"Haloo, boss," sauti ikajibu mara moja.

"Ejoku? Ni Nasambu wa Jirani wa Damu. Uko wapi?"

"Niko hapa Malaba, naziba tairi za malori. Kuna nini?"

"Hospitali ya misheni inataka damu yako. Sasa hivi. Kuna mama anakufa."

Ukasikika mlio wa chuma kuangukia saruji.

"Hiyo ni dakika kumi na pikipiki," Ejoku alisema. "Mbona hamkuniambia mapema? Niko hapa tangu saa kumi na mbili."

Nasambu alimhimiza aende, akakata simu. Alisahihisha namba ile kwenye orodha, akatuma meseji upya, na saa nne kasoro dakika nane logi zikaanza kuandika jipya: imefika, imefika, haijafika, imefika. Akafunga duka, akaondoka kwenda Malaba.

Alipofika, Ejoku alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya maabara na kipande cha pamba mkononi, akinywa soda. Damu yake ilikuwa imepimwa na kuingizwa. Wabwire alikuwa ndani akitolewa damu. Amuron, yule mama aliyejifungua alfajiri, alikuwa chumba cha upasuaji, na mlango ulikuwa umefungwa. Nje yake alisimama mumewe, Elungat, mfugaji mrefu mwenye gambuti zilizoganda tope, macho hayabanduki mlangoni.

Ilipita saa nzima. Kila kiatu kilicholia sakafuni kiliwafanya wote wageuke. Hatimaye daktari alitoka akivua barakoa, akamwambia Elungat kwamba mke wake yu hai na mtoto hana neno. Kisha akateremsha sauti. Damu ilikuwa imechelewa mno. Ili kumwokoa ilibidi waondoe kizazi. Hatazaa tena. Elungat aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia asiyoifahamu.

Nasambu alikuwa anageuka aende akakae peke yake mahali, alipoitwa ofisini na mzee Omagor, msimamizi wa hospitali. Sista Ajiko alikuwa mle, mbele yake karatasi na kalamu. Alikuwa ameambiwa aandike barua ya kujieleza.

"Nimeona meseji kwenye simu ya huyo kijana wa tairi," Omagor alisema. "Imeingia saa nne kasoro. Sista anasema aliomba saa mbili. Mimi naona aliomba alipokumbuka. Mume wa mgonjwa anataka kujua nani alichelewesha, na mimi pia nataka. Wewe ndiwe mwenye mtambo. Unasema nini?"

Ajiko alimtazama Nasambu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya neno lake, kwani skrini ya hospitali haikuhifadhi maombi ya nyuma.

Wakati huo Nasambu alijua jambo ambalo hakuna mwingine chumbani aliyelijua. Logi za asubuhi zilikuwa zimefutika. Kilichobaki ni picha mbili ndani ya simu yake. Angesema mtandao ulisumbua, wote wangeamini. Mtandao wa mpakani haujawahi kukosa lawama. Akatoa simu, akaifungua ile picha, akaiweka mezani.

"Sista aliomba saa mbili na dakika saba. Huo hapo mstari wake."

Omagor alisogeza miwani. "Hapa imeandikwa tano na saba. Saa tano asubuhi haikuwa imefika."

"Kompyuta hizo hazifuati saa yetu, mzee. Ziko nyuma kwa saa tatu, na zinahesabu kizungu. Tano na tatu ni nane. Nane ya kizungu ni saa mbili yetu."

Omagor alihesabu kwa vidole, akarudia. "Sasa kutoka saa mbili mpaka saa nne, ombi lilikuwa wapi?"

"Kwangu," Nasambu alisema. "Namba moja mbovu ilizuia zote. Programu ilitoa onyo, lakini mimi nilikuwa nimeyazima maonyo. Kosa si la Sista."

Ndipo wakagundua kwamba Elungat alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia.

"Uliyazima kwa nini?" aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Yalikuwa mengi sana. Yalinichosha."

"Yalikuchosha," Elungat alirudia. Akageuka, akarudi wodini.

Ajiko aliichana ile karatasi, akashika kichwa, akalia. Siku ile hakumshukuru Nasambu, wala Nasambu hakutarajia.

Hospitali iliacha kutumia Jirani wa Damu kwa miezi miwili, ikarudi kwa kupigia watu simu mmoja mmoja. Nasambu alikubali bila kubisha. Muda huo aliupanga mfumo upya: logi zikawa zinahifadhiwa nje ya kontena, mahali ambapo kuwasha upya hakuzigusi, namba mbovu ikakataliwa mtu anapojiandikisha, na meseji isipofika kwa dakika tatu, simu yake ililia na ya Ajiko pia. Omagor alipokubali wajaribu tena, alitoa sharti moja, kwamba Ajiko afundishwe kuzisoma hizo logi mwenyewe. Alijifunza kwa siku mbili, na kuanzia hapo akawa mkali kuliko mwenye programu. Alipiga simu hata kwa onyo la mtu mmoja aliyezima simu yake msikitini.

Kabla ya hayo, wiki ya tatu baada ya siku ile, Nasambu alikwenda nyumbani kwa Amuron, mbele kidogo ya Malaba, na sukari na sabuni mkobani. Hakujua atasema nini. Amuron alikuwa ameketi kwenye mkeka, bado amepauka, akamkaribisha kwa sauti ndogo.

"Ni wewe wa kompyuta?"

"Ni mimi, mama."

Amuron alimwangalia, kisha akamnyooshea mtoto. "Mshike, nipumzishe mkono."

Alikuwa msichana, mzito kuliko Nasambu alivyodhani. Elungat alikuwa zizini akimfunga ndama. Aliitikia salamu kutoka huko huko, akaendelea na kamba yake, na Nasambu alikaa na mtoto mapajani mpaka yule mdogo akalala.