Magoti ya Zié

Kabla Kombe la Afrika halijatufikia Korhogo, Zié Silué alikuwa kibarua wa kupalilia mpunga na hakuna aliyemjali. Kisha wakajenga uwanja, wakatafuta watu wa kuotesha nyasi kwenye udongo wetu mwekundu, ambamo hata magugu huota kwa kusitasita. Zié akaenda. Miaka miwili alizimwagilia, akazikata, akazing'olea kwekwe kwa vidole, magoti chini kama anayeomba radhi. Mkewe Yélé hakumpa hata neno moja zuri.

"Nyasi ni za ng'ombe," alizoea kusema. "Na mimi nimeolewa na mmojawapo."

Siku ya mechi ya kwanza Zié alimtafutia tiketi. Hakutaka kingine duniani ila hiki: Yélé azione nyasi zile, na yeye awe kando yake amtazame uso. Mwenyewe angeingia kwa beji ya kazi. Lakini mchana, aliporuhusiwa kwenda nyumbani kuoga, Yélé aliiloweka suruali ya kazi bila kupekua mifuko, akaifua kwa nguvu zake zote. Picha na jina kwenye beji vikaondoka na povu.

Langoni mimi, jirani yao, nilikuwa nyuma yao. Mlinzi alikuwa pande la mtu, na kifuani mwa koti lake pameandikwa Gueu. Zié akacheka mpaka magego yakaonekana. Gueu ni jina la Wayakuba wa milima ya Man, na sisi Wasenufo ni watani wao tangu enzi za mababu. Twaitana watumwa, twatukanana mchana kweupe, na mtani hamnyimi mtani.

"We Gueu! Mtumwa wangu! Nani kakuvisha viatu? Shuka kwenye miti mirefu mnayofunga miguuni mkicheza ngoma, umfungulie bwana wako!"

Foleni ikaangua kicheko. Mlinzi hakucheka. Zié akadhani anachochewa, akapandisha sauti.

"Ukichelewa nakuuza sokoni kwa kiazi kikuu kimoja, na chenji nadai!"

"Mzee," mlinzi akasema, "koti nimeazima, langu limemwagikiwa kahawa. Mimi Mwebrié wa Abijani. Umeniita mtumwa mbele za watu?"

Zié akanywea. Kumtukana mtani ni mapenzi. Kumtukana asiye mtani, tena mwenye sare, ni safari ya hema la polisi. Akashikwa mkono. Ndani wimbo wa taifa ukaanza.

"Jamani, mume wangu!" Yélé akapiga yowe.

Ndipo akatokea Gueu mwenyewe, kavaa fulana, mkononi ana fungu la atieke ya muhogo na samaki wa kukaanga. Tukamweleza sote kwa pamoja. Akaweka chakula chake pembeni kwa uangalifu, kisha akajilaza chali katikati ya lango.

"Huyu kizee mtumwa wangu mimi! Nani kamkamata bila kuniomba ruhusa? Sitoki hapa. Nikanyageni!"

"Gueu, acha upuuzi," mlinzi akasema. "Hana beji!"

"Mtumwa wa Gueu beji ya nini?"

"Sasa nitajuaje kama kweli anafanya kazi humu?"

Yélé hakungoja. Akainama, akampandisha mumewe suruali ya sikukuu hadi mapajani, mbele ya umati wote. Magoti yalikuwa ya kijani kama mchicha.

"Beji hizi hapa! Mbili! Miaka miwili nayasugua kwa sabuni na dodoki, hayatakati!"

Yule Mwebrié akayatazama, akauma midomo, akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Piteni, mama, piteni! Na wewe Gueu inuka, unaziba njia."

Tulipoketi, Yélé aliutazama uwanja kutoka kona hadi kona. Zié naye hakuutazama, alimtazama yeye. Kipindi cha pili timu ya upande wa kushoto ikafunga bao, na mfungaji akaja akiteleza kwa magoti hadi kwenye kona, akichana nyasi mistari miwili. Watu wote wakaruka. Zié akashika kichwa kama aliyefiwa.

Yélé akapanda juu ya kiti.

"We mtoto! Inuka hapo! Unajua nani kazipanda hizo? Mume wangu! Mume wangu mimi!"

Zié akalia hadharani. Nami, nasema kweli, nikalia naye.