Kitabu cha Mvua

Mama yangu alikuwa mjane. Shamba lake la mihogo lilikuwa bondeni, upande wa Kilembwe, chini ya mlima ambako kompanyi moja ya Wazungu iliosha zahabu. Matope yaliyobaki baada ya kuosha waliyazuia kwa ukuta wa udongo. Asubuhi moja, mvua za mwaka zikielekea kwisha, ukuta ule ulipasuka. Mimi nilikuwa binti mkubwa, jembe mkononi, nikitazama mihogo yetu na ya majirani ikizama. Mto ukawa uji mweupe, samaki wakaelea matumbo juu.

Vijana walitaka kwenda kuchoma nyumba ya mkubwa wa kompanyi. Mama akawasimamisha njiani.

"Mukichoma, kesho nyinyi ndio benye makosa. Twende tribinali."

Tulitembea hadi mahakama ya Fizi. Hakimu alikuwa Mbelgiji mwembamba aliyesikiliza huku amefumba macho. Mkubwa wa kompanyi akasema kosa si lao: mvua kubwa ilinyesha, na mvua ni kazi ya Mungu. Akaomba majuma mawili alete ushahidi. Hakimu akampa.

Tulipotoka nje, jirani yetu mmoja alimfokea mama: "Unaona? Bote beko kitu kimoja!"

"Acha alete," mama akajibu. "Hata mi sipendi muntu anikate maneno."

Niliona aibu kwa ajili yake. Nilidhani tumeshindwa.

Siku ilipofika, mkubwa alileta daftari ambamo karani wake aliandika mvua ya kila siku. Akasoma ukurasa mmoja: mvua ya kutisha. Hakimu akafumbua macho, akauliza ni ya tarehe gani. Ilikuwa ya mwezi mzima kabla ya ukuta kupasuka. Basi karani akaamriwa asome juma lile lenyewe la kupasuka kwa ukuta, na mkalimani akatufasiria.

"Hakuna. Hakuna. Hakuna."

Siku zote saba. Bamama walipiga vigelegele mpaka hakimu akagonga meza, lakini yeye mwenyewe alikuwa akizuia cheko.

Hakuishia hapo. Alishuka bondeni kwa miguu, suruali ikaingia matope hadi magotini, akapima shamba moja moja mbele ya watu wa kompanyi. Jirani yule mwenye kelele alikuwa amesogeza mipaka yake, ikarudishwa. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Hukumu ikatoka: kompanyi ilipe kila mwenye shamba, na ukuta ujengwe upya kwa mawe.

Siku ya malipo, karani wa bureau aliyekuwa akihesabu pesa alimwambia mama, "Mama, sema aksanti."

"Aksanti ya nini? Hii iko yangu."

Akaifunga ile pesa pembeni mwa kitenge, akatoka kifua mbele. Barabara yote bamama waliimba, na mama, ambaye tangu msiba wa baba sikuwahi kumsikia akiimba, ndiye aliyeongoza.