Kwaya Nzima Ilivyoishia Kupasha Chapati

Nilimwahidi Shosho, tena nikiwa nimeushika mkono wake, kwamba Jumapili ile angeisikia kwaya akiwa pale pale kitandani, na afadhali nikiri mapema kabla mtu mwingine hajawasimulia kwa ladha yake: ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niaibike mbele ya kanisa zima, maikrofoni mkononi, na stashahada yangu ukutani nyumbani ikiwa bado inanuka vanishi ya fremu.

Shosho ni mama mzazi wa baba yangu. Huniita "mume wangu", kwa kuwa mimi ndimi kifungua mimba na nilirithi jina la babu, na anaponiita hivyo mbele ya watu huwa sina la kufanya ila kuitika. Anaishi upande wa juu wa bonde letu la Subukia. Alikuwa ameteleza akitoka kukama, nyonga ikamharibikia, na Jumapili ile ile alasiri angepelekwa hospitalini Nakuru, afanyiwe upasuaji Jumatatu.

"Mimi kisu sikiogopi," aliniambia. "Kitu naogopa ni kuingia huko kabla sijasikia ule wimbo. Nikikosa kuamka, je?"

Wimbo wenyewe aliufundisha yeye, miaka ile alipokuwa kiongozi wa kwaya, nao huimbwa Jumapili ya kushukuru kwa mavuno. Ibada hurushwa moja kwa moja na redio yetu ya bonde, kituo kidogo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambacho mtambo wake umo ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya kanisa kwa sababu kanisa ndilo lenye kilima. Shida ni kwamba tangu mvua za masika, watu wa upande wa juu walikuwa hawapati ila mkwaruzo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo damu yangu ilipochemka. Mhadhiri wangu wa zamani mjini alikuwa ameniazima analaiza ya antena, kifaa cha mkononi kisichozidi ukubwa wa tofali, chenye kioo kinachong'aa, na mtu ambaye hajawahi kukishika hawezi kuielewa furaha yangu! Unazima mtambo, unaichomoa kebo ya antena, unaifunga kwenye analaiza, nayo inatuma ishara ndogo mno kuelekea mlingotini na kukuonyesha ni kiasi gani kinachopokelewa na kiasi gani kinachorudishwa. Ikisoma moja, antena inameza kila kitu inachopewa. Kadiri namba inavyopanda ndivyo matangazo yanavyorudi nyuma kama mgeni aliyefungiwa lango. Hakuna kupanda mlingoti, hakuna kubahatisha, ukweli unausoma kwenye kiganja chako. (Niliibeba kutoka Nakuru nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga, na nilipofika nyumbani nilipima waya wa kuanikia nguo, kwa furaha tu.)

Mlinzi wa mtambo wetu ni Mzee Rono, fundi wa redio ambaye hakusomea popote ila kwenye redio zenyewe. Wiki nzima alikuwa akisema kwamba kiungo cha kebo kule juu ya mlingoti kimeingia maji. Nilipomuuliza amejuaje, alisema anajua tu, nami nikaamua moyoni kwamba huu ndio ujinga niliosomeshwa ili niuondoe duniani. (Nilikuwa nafikiri kwa sentensi za namna hiyo. Mnisamehe.)

Jumapili saa moja asubuhi nilimkuta mlangoni pa kibanda, chupa ya chai iko mguuni, vikombe viwili juu ya jiwe.

"Injinia! Karibu chai kwanza, nikupe habari ya mashine."

Mnajua kwetu ilivyo: ukifika mahali pa kazi, habari hazisimuliwi mkiwa mmesimama. Unakaa, unamiminiwa, unaulizwa wazazi, unaulizwa mifugo, ndipo kinafuata kile unachopaswa kujua. Mimi nilisema, "Mzee, asante, nitakunywa baadaye, wacha kwanza tupate ukweli," nikampita. Akajimiminia kikombe chake pole pole, na kile cha pili akakiacha kitupu.

Ndani, mtambo ulikuwa umezimwa. Nyuma yake kulikuwa na kebo nyeusi iliyofungwa vizuri, ikipitia tundu la ukutani kwenda nje. Kando yake ilining'inia kebo nyingine nyeusi iliyovishwa mfuko wa plastiki mdomoni, ambayo niliichukulia kuwa mzee wa kazi aliyestaafu. Nikaichomoa ile ya kwanza, nikaifunga kwenye analaiza, nikabonyeza.

Moja kamili!

Nilipima tena. Moja. Nikabadilisha masafa, nikaenda chini, nikapanda juu, na popote nilipokwenda kioo kilinionyesha mstari ulionyooka kama lami mpya, moja, moja, moja, ohmu hamsini, upinzani ule ule unaotakiwa na mtambo, kila mahali. Nilipiga kelele ya furaha. Lakini mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angewaambia kwamba antena halisi haifanyi hivyo, antena huchora bonde, hushuka kwenye masafa yake tu na kupanda kwingineko, na mstari ulionyooka namna ile ungepaswa kunitisha. Mimi niliupiga picha.

Nikairudisha kebo kwenye mtambo, nikawasha, nikaenda kanisani nikiwa sigusi ardhi.

Mchungaji, ambaye hupenda vijana waliosoma, akanipa maikrofoni kabla ya ibada niwape washirika neno moja. Laiti ningesema moja! Niliwaambia kwamba nimeipima antena yao kwa kifaa cha kisasa na ni nzima asilimia mia, kwamba walio juu warekebishe redio zao, na kisha (nilikuwa nimeshaonja makofi) nikaongeza: "Wale waliotuambia mlingoti umeingia maji walikuwa wanakisia tu. Siku za kukisia zimekwisha!"

Watu wakacheka na kugeuka kumtazama Mzee Rono, safu ya tatu, kofia magotini. Yeye akaitazama kofia.

Mama mmoja karibu na mlango akawasha redio yake ndogo, na sauti yangu mwenyewe ikatoka humo, safi kama maji ya chemchemi. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nikainyanyua redio ile juu ya kichwa changu kama kombe. Mchungaji akasema, "Mungu atupatie vijana kama hawa kumi!" nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kwaya ikaimba. Wimbo wa Shosho, beti zote nne. Machozi yalinitoka nikimwazia kitandani, na kabla sijayafuta simu ikatikisika mfukoni. Nikatoka nje. Alikuwa Anti Wairimu, dada mdogo wa baba, anayekaa na Shosho.

"Wewe, hapa ni shhhh tu. Kwani hawajaanza?"

"Anti, betri."

"Tumeweka mpya."

"Basi ipeleke dirishani, uvute ule mkono wa antena wote."

"Iko dirishani."

"Itoe nje. Ifungie waya, halafu ushikilie waya juu."

Nilisikia milango, kuku, mbwa, kisha pumzi za mtu anayepanda. "Niko juu ya tangi ya maji," Anti akasema, "na nimevaa nguo ya kanisa, na jirani ananiangalia. Ni shhhh."

"Basi redio yenyewe imeharibika," nikasema, kwa upole ule wa daktari.

Simu ikabadilisha mikono. Walikuwa wamemtoa Shosho hadi barazani, kwenye kiti, na ile nyonga yake, ili awe karibu na redio.

"Mume wangu."

"Naam, Shosho."

"Unasema radio yangu ndiyo mgonjwa."

"Ndiyo, Shosho. Huku kila kitu nimekipima."

"Hii radio imenishikia taarifa ya saa moja leo asubuhi, kutoka Nairobi. Sasa niambie, Nairobi iko karibu kuliko kanisa letu?"

Niligeuka kukitazama kibanda.

"Hebu niambie, ulipima nini?" akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilikimbia hadi kibandani. Kutoka pale mlangoni nilisikia hatua za mtu nyuma yangu. Mzee Rono alikuwa amenifuata, bila haraka.

"Boss," akasema, "hiyo waya umeifuata mpaka wapi?"

Nilikuwa sijaifuata popote. Tukaifuata sasa, yeye mbele, kupitia lile tundu, tukazunguka nyuma ya kibanda, chini ya paa, na pale mwisho wake kebo ikaingia kwenye kisanduku cha chuma chenye mapezi kama ya injini ya pikipiki. Mafundi hukiita dami. Ndani yake kuna kizuizi cha ohmu hamsini kamili, na kazi yake ni kumeza nguvu zote za mtambo na kuzigeuza joto, ili fundi aujaribu mtambo bila kurusha chochote hewani. Mzee alikuwa ameujaribu Jumamosi jioni. Ile kebo yenye mfuko wa plastiki ndiyo iliyokwenda mlingotini.

Na redio ya yule mama mlangoni? Dami huvuja kidogo, ikatosha kusikika uwanjani na si zaidi.

Lakini hayo hayakuwa mwisho. Juu ya kile kisanduku palikuwa na sufuria kubwa iliyofunikwa, na kando yake Mama Njeri, mkuu wa mapishi ya mavuno, akiwa na mwiko.

"Hiyo kitu iko na moto mzuri!" akaniambia akicheka. "Chapati zimekaa moto tangu ibada ianze. Ni wewe umeiweka? Ubarikiwe."

Mahubiri, matangazo, beti nne za wimbo wa Shosho: vyote vilikuwa vimekwenda kupasha chapati.

"Mzee," nikasema, "mbona hukuniambia?"

"Hiyo ndiyo habari ilikuwa kwa chai."

"Na baadaye? Nilipowasha?"

"Wewe ni msomi. Umeona stima imewaka, umefurahi. Nikasema labda huyu anajua kitu mimi sijui. Halafu ukanisema kanisani, na mtu akishasemwa kanisani, akijibu anaonekana ana kisasi."

Niwaambieni, kucheka kwa Mama Njeri sikukuhisi hata kidogo. Hilo jibu ndilo lililonichoma.

Gari la kumpeleka Shosho Nakuru lilikuwa lije saa nane, na sasa ilikuwa saa sita. Tukauzima mtambo. Nikaivua ile kebo mfuko wake wa plastiki, nikaifunga kwenye analaiza, na kioo kikaniambia ukweli niliodai nautafuta: nne na nukta nane. Mzee Rono akavua koti, akavaa mkanda wake, akapanda (mimi nilijitolea, akanitazama viatu, akapanda). Alipokifungua kiungo, maji yalitiririka hadi kwenye paji langu la uso. Akakata kebo mahali palipokauka, akafunga kiungo kipya, akakizungushia utepe wa mpira. "Pima!" akapaza sauti. Nikapima, na hapo, jamani, nikaliona! Bonde! Bonde lenyewe, likishuka kistaarabu hadi kwenye masafa yetu, moja na nukta mbili. Nilimsomea kila namba kwa kelele, naye kule juu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akisema, "Rudia! Rudia hiyo ya mwisho!"

Kisha nikaenda kufanya lililobaki. Watu walikuwa uwanjani wakila. Nikaomba maikrofoni ile ile, nikawaambia nilichokipima, nikamtaja Mzee Rono kwa jina na kumwomba radhi, nikawaomba kwaya waimbe tena.

"Na chapati tuzirudishe?" mmoja wa wapiga besi akauliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilistahili. Nusu ya kwaya walikuwa wameshaondoka. Waliobaki kumi na mmoja wakapanguza mikono, wakaingia chumba kidogo cha studio ubavuni mwa kibanda, nami nikaifunga kebo ya mlingoti kwenye mtambo na kuuwasha, wakaanza. Saa nane na dakika kumi.

Hawakuwa wamemaliza ubeti wa tatu simu ilipolia.

"Tulikuwa tushaondoka," Anti akasema kwa sauti ya chini. "Tuko barabarani. Dereva alikuwa na radio ya gari, imeshika ghafla. Shosho amemwambia asimamishe na azime injini. Ngoja, usiongee."

Nikausikia ubeti wa nne mara mbili, mara moja kupitia ukuta wa studio na mara ya pili kutoka kwenye gari lililosimama kando ya barabara, na juu ya ile ya pili, sauti kavu ya mwanamke mzee akiimba pamoja na kwaya. Mwishoni akasema, "Sauti ya tatu wanachelewa. Waambie nikirudi tutaanza upya," kisha akamwambia dereva twende.

Alirudi, na sauti ya tatu hawapumziki siku hizi.

Mimi bado ninaipenda analaiza, na nitawapimia antena yoyote mtakayonionyesha. Lakini nimeapa kwamba sitamsema tena mtu hadharani kwa jambo ambalo sijamsikiliza akilieleza faraghani. Na wewe unayesoma haya, hasa kama unaishi upande wa juu wa bonde, nakuomba kitu kimoja: redio yetu ikikwaruza, usinyamaze kwa kuiheshimu stashahada yangu. Njoo uniambie.