Juisi ya Wageni wa Bogoro

Miwa yetu, kule mtaa wa Bigo, ilikuwa nyuma ya bafu la nje, maji ya kuogea yalikotiririkia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini sukari ilikuwa ikipotea madukani, na karibu kila kiwanja mtaani kilikuwa na miwa. Yetu ilikuwa ya zambarau, rahisi kumenya.

Siku za kawaida tuliitafuna. Kwa wageni mama aliikamua: aliimenya, akaikatakata, akaitwanga kinuni, akaiminya ndani ya kitambaa cheupe, kisha akatia ndimu.

Jumapili moja walikuja wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa dada yangu. Walitoka Bogoro, wafugaji, watu wa kanisa wasiogusa pombe. Kwao, wakwe hawatafuni kitu mbele ya wakwe wenzao. Mama, mzaliwa wa Butembo, aliambiwa hivyo na jirani, ndiyo maana akachagua juisi. Dada alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Alimpenda kijana yule, na ziara ikiharibika hakungekuwa na ya pili.

Tulikuwa na vinu viwili, cha mahindi na cha sombe, yaani majani ya muhogo. Vyote vilikuwa vimeoshwa na kuinamishwa juani. Kwa haraka, mama alichukua cha sombe.

Muzee, baba wa kijana, alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini.

"Bokilo, mkwe wangu, hii juisi iko na pilipili."

Mama alionja. Mti wa kinu ulikuwa umetunza pilipili iliyotwangwa na sombe kwa miezi mingi.

"Nisamehe, muzee. Nilikosea kinu."

"Na miwa yenyewe iko?"

"Iko. Lakini ni ya kutafuna."

Mkewe alicheka. "Huyu? Kule nyumbani anatafuna kushinda ng'ombe zake!"

"Nyamaza, mama," muzee alimwambia mkewe. "Mulete miwa na kisu." Alimenya mwenyewe, akakata vipande, akamnyooshea mama kimoja. "Weye pia, bokilo. Nikitafuna peke yangu, ni haya. Tukitafuna wote, nani ataenda kusema?"

Mama alikishika kile kipande kwa muda. Pazia lilitikisika. Akakitia mdomoni, akatafuna bila kuinua macho, akatema makapi katika beseni lilelile muzee alilokwisha kutemea.

Muzee alijifuta kidevu, akamgeukia baba yangu aliyeketi kando, akaanza kusema habari za ng'ombe wa mahari.