Magoti ya Karani

Huu ni mwaka wa kumi na moja karani wa masjala ana pikipiki ile ile, ya aina ya mashindano, ambayo dereva huiendesha akiwa ameilalia. Kila asubuhi huipangusa kwa kipande cha shati kuukuu, huiwasha, kisha huinamisha kichwa kuusikiliza mlio. Rangi ya tangi imefutika mahali pawili, pale yanapobana magoti yake. Mkewe alipotaka wanunue gari, karani hakumbishia; aliitundikia pikipiki kibao cha “Inauzwa.”

Jumamosi akaja mnunuzi, akaipanda. Karani akachuchumaa, akamkagua magoti yalipogusa tangi, akatikisa kichwa.

“Magoti yako hayafiki kwenye alama hizi, ndugu yangu. Itakutesa bure.”

Mgeni akaenda zake. Mke akachungulia dirishani.

“Na huyu mnunuzi wa nne, shida ni magoti pia?”

“Magoti,” akajibu karani kwa sauti ya msiba, huku akipangusa kiti.