Kijiko kwa Kila Mtoto

Nilipokuwa darasa la tatu, Temeke, nilikuwa napotea nikiwa nimekaa palepale. Macho wazi, mdomo kimya, sekunde kumi hivi. Kisha narudi na kukuta mwalimu amefika kwenye sentensi nyingine. Wenzangu waliniita Betri Chakavu, kwa kukatika kama redio.

Daktari alisema ni aina ya kifafa, akaniandikia ethosuksimaidi, dawa ya maji yenye utamu, katika chupa ya kahawia. Baada ya wiki chache maneno ya mwalimu yalianza kunifikia mazima. Ndipo nikapewa beti nne za ngonjera, nizighani mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Mtunza chupa alikuwa bibi, mama yake mama, aliyetoka Lindi na sheria moja: mtoto hali peke yake. Tulipoletewa chupa ya pili, binamu zangu watatu walijipanga mlangoni kunitazama nikimeza, naye akashindwa kuvumilia. Tangu hapo kila mmoja alipata kijiko chake kila siku. Mama alishinda kiwandani, hakujua. Binamu mmoja alishikwa na kwikwi hadi adhuhuri, mwingine akasinzia juu ya ugali. Bibi akasema ni shibe.

Chupa ya mwezi iliisha siku ya nane. Siku ya kumi, kwenye mazoezi, nilipotea katikati ya ubeti wa pili. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba nikipotea tena, beti zangu atapewa mwingine.

Nilirudi nikilia. Bibi alinisikiliza, akaitazama chupa tupu, akajitanda khanga yake ya kutokea, tukaenda hospitali kwa miguu.

Muuguzi aliuliza dawa imekwenda wapi. Bibi hakuficha.

"Nimewagawia wote, mwanangu. Huyu ale kitamu, wenzie wameze mate?"

"Bibi, ujamaa ni kulima pamoja. Kifafa mwachie mwenyewe."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akauliza hali ya binamu mmoja mmoja, akamwapisha bibi asirudie, ndipo akatupa chupa nyingine.

Kesho yake bibi alichemsha ubuyu kwa sukari. Nilipomeza changu, binamu walipata chao, kutoka chupa yao. Ikawa zamu yangu kuwaonea gere.

Siku ya kufunga shule nilisimama kwenye jukwaa la mbao. Ubeti wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu nilinyamaza kuvuta pumzi, nikaona bibi ameinuka, pindo la khanga mdomoni.

Nikaendelea. Akakaa.